Bei ya Kipande Kidogo cha Kioo

Ninyi vijana mnaokata vioo pale Kamwokya na huku kwetu Kyebando, nimewasikia mnavyotaja bei. Mteja anataka kipande cha kufunika saa ya ukutani. Mnapima, mnazidisha, mnamtajia bei ya futi, naye analipa haraka kabla hamjabadili mawazo. Mimi nimesimama nje na kikapu changu cha mboga, nakereka kama vile pesa ni zangu. Kipande mmempa karibu bure, na shiti nzima ya kioo mmeiharibu. Ndiyo sababu nimekaa kuandika. Shule nilikwenda kidogo tu, mpaka baba aliposema inatosha, kwa hiyo maneno yangu yaacheni yalivyo. Sahihisheni bei zenu.

Jina langu Felista. Nilizaliwa Busia, upande wa Kenya, nikaja Kampala kumfuata mume. Mume akaenda zake, mimi nikabaki na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kaunta kwenye duka la vioo la Mhindi mmoja, Mzee Ramji, na kumtajia mteja bei. Aliyekata ni Erukana, Mganda wa hapa hapa Kyebando, mtu mrefu, mpole, mwenye kidole kimoja kisichokunjika kwa sababu kioo kilishapita ndani yake. Yeye alikuwa almasi, yaani ile kalamu ya kukatia. Mimi nilikuwa bei. Wateja walidhani bei inatoka kwake kwa sababu ndiye aliyeshika kipimo, na mimi nilikuwa mwanamke tu wa kufunga vioo kwenye magazeti. Hatukujisumbua kuwaeleza.

Mzee Ramji alinifundisha hivi. Alilaza shiti mpya mezani, ile kubwa inayobebwa na watu wawili, akaniuliza anauza nini. Nikasema kioo. Akasema hapana, chukua chaki, chora kipande cha ukubwa wa kiganja, popote unapotaka. Nikachora kwenye kona. Akaniuliza, sasa mtu wa dirisha kubwa akija kesho nimpe nini? Nikaitazama ile shiti. Ilikuwa bado kubwa, lakini dirisha kubwa halikuwamo tena. Kile kipande cha kiganja kilikuwa kimelila.

Ndiyo maana pale dukani hakuna kipande kilichotoka chini ya bei ya futi mbili, hata kama ni cha kufunika picha ya pasipoti. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa, na mteja aliilipa hata kama alinuna. Juu yake kulikuwa na nyongeza. Mviringo una nyongeza yake, maana almasi inazunguka na kona zote zinakwenda taka. Kioo kikuukuu ambacho mteja amekitoa nyumbani kwake kina nyongeza kubwa zaidi, maana kioo kilichokaa dirishani miaka mingi kinakuwa kikaidi, kinapasuka kinakotaka chenyewe. Kupunguza upana wa kidole kwenye kioo kilichokwishakatwa ni kazi ngumu kuliko kukata dirisha zima, hiyo msikubali kuifanya kwa urafiki. Halafu kuna fungu la kuvunjika. Hilo unaliweka kidogo kidogo ndani ya kila bei, hata ya kile ambacho hakitavunjika, kwa sababu hujui ni kipi.

Mimi nilipenda sana kujua vioo vinakwenda wapi. Erukana ndiye aliyenitia ugonjwa huo. Alikuwa akiniita nyabo, yaani mama kwa Kiganda, na kuniambia, "Nyabo, usianze na kipimo. Uliza kwanza inaenda wapi." Kioo cha fremu ya picha kinafichwa kingo, hata ukikosea kidogo hakuna anayeona. Kioo cha kabati la kusukuma hakisamehe. Dirisha la nyumba ya udongo linataka nafasi ya kupumua, maana ukuta unasogea mvua ikinyesha. Kwa hiyo bei haikuanzia kwenye futi, ilianzia kwenye hiyo habari. Na watu walikuwa na habari! Muuza mandazi mmoja wa Kalerwe alikuja na kipimo cha sanduku lake kwenye kamba ya mgomba. Tukakata sawasawa na kamba. Akarudi akiwa amekasirika, kioo ni kifupi. Erukana akaishika ile kamba, akainusa, akamwuliza aliivua lini kwenye mgomba. Asubuhi ile ile, mbichi kabisa, kisha akatembea nayo juani mpaka mjini. Kamba ilikuwa imekauka njiani ikajikunja. Mama yule akatukana mgomba, akalitukana jua, sisi hakututukana. Tangu hapo kipimo cha kamba nikakiwekea nyongeza, na Erukana akawa anakiachia unene wa kidole.

Kisha jeshi likachukua nchi. Lile swali la inaenda wapi likawa swali la kumtoa mtu roho, lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea. Siku moja aliingia askari, akaiweka bunduki juu ya kaunta, na kaunta yenyewe ilikuwa ya kioo. Nilimwona Erukana anaitazama kaunta, si bunduki. Askari akasema anataka kioo "ya mviringo, lakini kama yai." Nikauliza kama kawaida, inaenda wapi.

Askari akasema polepole, "Wewe mama unauliza jeshi inaenda wapi?"

"Anauliza kioo, afande," Erukana akasema. "Jeshi hatuulizi. Jeshi inajua njia yake."

Nilidhani tumekwisha. Yule askari akacheka mpaka kofia ikamwanguka, akatoa picha ya mama yake, mama mzee aliyekaa kwenye kiti kama ameambiwa asipumue. Nilimtajia bei pamoja na nyongeza ya yai, tena nyongeza nzima, akabishana kama mtu yeyote, akalipa, akasema ahsante. Nimemfikiria sana mtu yule. Siku nyingine, asipokuwa na picha ya mama yake, alikuwa anafanya nini? Sijui. Ningependa kujua.

Wahindi walipofukuzwa Mzee Ramji aliondoka na masanduku ya nguo. Duka akapewa Kapteni Maliko. Namtaja kwa jina, maana yeye hakuona aibu kulitaja siku aliyoingia. Alizungukia vioo kama mtu aliyenunua ng'ombe, akauliza maswali mengine ya maana kabisa, lazima niseme ukweli, alikuwa na akili. Lakini bei ya chini aliichukia. Alisema hiyo ni wizi wa Mhindi kumla mwananchi, mtu anataka kipande kidogo anauziwa kipande kikubwa. Akaamuru tukate kwa futi tu, kila mtu apate anachotaka na alipe anachopata.

Mji mzima ukaja. Watu wa fremu, watu wa taa, watu wa vioo vya kunyolea, foleni mpaka barabarani. Kapteni alisimama mlangoni amefurahi, anawaita ndugu wananchi. Shiti zilipokwisha, stoo ilikuwa imejaa vipande virefu vyembamba kama rula, na pesa zilizokuwepo hazikutosha kununua hata nusu ya shiti nyingine. Akaniuliza, "Nani anaiba hapa?" Nikamwambia hakuna anayeiba, afande, shiti zimeliwa na vipande vidogo. Kisha akasema turudishe bei ya Mhindi, lakini tusiiite hivyo.

Tungeirudisha, ila wakati huo ofisi ya bei ilikuwa imeshatoa amri yake. Kila duka la vioo liandike ukutani bei moja ya futi, na mtu asiongeze hata kidogo. Kuongeza ni magendo. Vijana, ninyi neno magendo mnalisema mkicheka, mnamaanisha simu na viatu. Sisi tuliwajua watu waliotolewa nyumbani asubuhi kwa sababu ya bei ya sukari, na viatu vyao vikabaki mlangoni.

Basi fikirieni hesabu yangu. Juu yangu yupo Kapteni anayetaka faida yake kila Jumamosi. Ukutani ipo bei moja isiyojua mviringo wala kona. Shiti zenyewe zinakuja kwa kujificha kutoka Busia, ghali mara nyingi kuliko zamani. Nikitoza zaidi, tunakamatwa. Nisipotoza, stoo inajaa rula tena na Kapteni anauliza tena nani anaiba, na mara ya pili hatauliza kwa mdomo. Nililala na kuamka na hesabu hiyo. Nisiwadanganye, iliniogopesha lakini pia ilinivutia, kama mlango uliofungwa unavyomvuta mtu.

Jibu lilipatikana kwenye magazeti ya kufungia. Nilikuwa nafunga kipande cha mteja, pembeni kuna mabaki yake, nikajiuliza, haya mabaki ni ya nani? Bei ya chini inasema mteja amenunua futi mbili. Sawa, basi tumpe futi mbili. Tumkatie kipande chake kidogo anachokitaka, na yote yanayobaki katika futi zile mbili tumfungie aende nayo. Futi mbili kwa bei ya ukutani, hakuna senti iliyoongezwa. Bei ya Mzee Ramji imerudi, na haikuvunja amri yoyote niliyoijua. Nilimweleza Erukana. Aliweka almasi mezani, akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akasema, "Nyabo, wewe ni mtu mbaya sana." Huo ndio ulikuwa utani wake wa kunisifu.

Wateja mwanzoni walilalamika, vipande vya nini. Wakaenda navyo kwa sababu wamevilipia. Kisha nikaanza kuviona mjini, na hapo udadisi wangu ulinenepa. Kulikuwa na ukuta Kamwokya uliopandwa vioo vyetu juu, niliujua ule ukijani wake. Kulikuwa na mtu aliyeziba tundu la bati kwa kioo akapata mwanga chumbani. Pale Kalerwe muuza mandazi wetu wa kamba ya mgomba alijenga sanduku zima kwa mabaki ya majirani zake, kila upande una rangi yake kidogo.

Sasa njooni kwa Gastoni. Gastoni alipewa duka la rangi la jirani yetu, na yeye hakuwa mwanajeshi, alikuwa raia kama mimi, tulikuwa tunasalimiana. Aligundua kwamba wateja wetu wanatoka na mabaki wasiyoyataka. Akawa anawangoja nje, anayanunua kwa pesa kidogo, kisha anayauza dukani kwake kwa bei ambayo ukutani haikuandikwa. Nilijua. Nilimwacha, kila mtu alikuwa anatafuta chakula. Lakini Erukana hakupenda kuona kioo kinakwenda hovyo. Akaanza kuwauliza wateja nyumbani kuna nini kingine. Taa? Fremu? Kijidirisha cha choo? Akawa anapanga ukataji wa zile futi mbili ili hata mabaki yawe na kazi. Mtu anakuja kwa kioo cha saa anaondoka na cha saa, cha taa na cha picha ya harusi. Watu walimpenda. Pale nje, Gastoni akabaki anangoja vipande ambavyo havikuja.

Alikwenda ofisi ya bei akasema tunawalazimisha wananchi kununua wasichotaka. Alikwenda yeye, Gastoni, kwa miguu yake. Aliniambia mwenyewe baadaye, kwa sauti ya mtu anayekuomba chumvi, kwamba alidhani tutapigwa faini tu.

Walikuja mchana, duka likiwa na watu. Wawili wa nguo za kawaida, na mbele yao Bwana Yokana wa ofisi ya bei, suti nzuri, sauti ya chini. Wateja wakayeyuka. Erukana alikuwa ameinama mezani, ameshapitisha almasi kwenye kioo kikubwa, amebakiza kuvunja.

Yokana akauliza, "Nani anapanga bei hapa?"

Nikasema, "Ni mimi."

Hakugeuza hata shingo. "Nyabo, kaa chini. Nimeuliza nani anapanga bei. Anayefunga magazeti sijamuuliza." Wale wawili wakacheka. Nikarudia, mimi ndiye, mwulizeni yeyote. Mmoja akasema mwanamke huyu anampenda fundi wake. Wakamshika Erukana mikono yote miwili.

Sasa sikilizeni hili kama watu wa kazi. Mstari wa almasi kwenye kioo unapoa. Ukishaukata uvunje papo hapo, ukiuacha unajifunga, na baadaye kioo kitapasuka upande wowote isipokuwa pale ulipochora. Erukana alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Alipofika mlangoni alizungusha kichwa, akasema, "Felista, vunja hiyo. Itapoa."

Hakuniita nyabo. Nilikuwa sijawahi kuvunja kioo kikubwa hivyo maishani mwangu. Nikakisogeza kwenye ukingo wa meza, nikabonyeza kama nilivyomwona akifanya, kikaachana kwa sauti moja fupi, safi, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipoinua macho gari lilikuwa limeshaondoka.

Nilikwenda kwa Kapteni Maliko. Duka ni lake, faida ni yake, bei aliijua, yeye ndiye aliyesema turudishe ya Mhindi. Nilimwambia neno moja lake linatosha. Akasema hamjui mtu anayeitwa Erukana. Akasema tena kwamba mimi ni Mkenya, na Wakenya wenye akili siku hizi wanakaa kimya.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisi ya bei. Nilivaa gauni la kanisani. Yokana alinipokea, akanipa kiti, hilo nalo nalisema maana ni kweli. Nilimweleza yote, Mzee Ramji na chaki yake, kipande cha kiganja kinachokula dirisha, futi mbili, mabaki, magazeti. Nilimwambia Erukana alikata tu alipoambiwa, mwenye hesabu ni mimi, nimekuja, nishikeni. Alisikiliza. Akaniuliza, kwa mfano meza yake ya sebuleni, yai kubwa kiasi hiki, ningempigia bei gani? Nikampigia. Akauliza kwa nini yai ni ghali kuliko pembe nne. Nikamweleza habari ya kona. Akaegemea nyuma.

"Sasa naamini," akasema. "Hii bei ni yako kweli."

"Basi mwachieni."

"Haiwezekani, nyabo. Yeye ameshakubali kwamba ni yake."

Erukana hakurudi. Mke wake alitafuta kila kambi na kila msitu ambao watu walikuwa wanautaja kwa kunong'ona, nami nilikwenda naye mara nyingi, mpaka alipoacha kunigongea mlango. Duka lilikufa. Maliko alikimbia nchi vita vilipofika, wanasema yuko ng'ambo ya mpaka ana lori. Gastoni alizeeka hapa hapa na watu wanamwita mzee.

Ila lile neno la Yokana sikuliacha. Ameshakubali. Alikubali mwenyewe ili wasirudi kunichukua mimi? Au walimkubalisha, kwa namna walizokuwa nazo? Mtu atasema kuna tofauti gani, amekufa. Kwangu mimi ipo. Nimebeba swali hilo kila nilipofanya kazi, na nimefanya nyingi tangu wakati ule, mpaka macho yalipokataa.

Mwezi uliopita nilimkuta Yokana sokoni Kalerwe, kwenye nyanya. Suti hakuna, fimbo ipo. Nilimjua kwa ile sauti ya chini, anabishania fungu la nyanya. Nikamsalimu, nikajitaja, nikamwuliza palepale, mbele ya muuzaji, Erukana alikubali mwenyewe au mlimkubalisha.

Alifikiri kweli, niliona. Hakukataa kumkumbuka. "Hatukumgusa kwa hilo," akasema. "Tulimuuliza mara moja tu, akasema bei ni yake. Halafu akatueleza sababu yake. Akachora mezani kwa kidole, kipande kidogo, dirisha kubwa. Alieleza vizuri sana, nyabo. Mimi mwenyewe nilielewa."

"Na ulipoelewa?"

"Nikatia sahihi, wakamchukua."

Muuza nyanya alikuwa ameacha kupanga nyanya zake. Yokana akachukua fungu lake, akaniuliza, kama vile tumemaliza habari ya mvua, kama namjua fundi mzuri wa vioo, maana dirisha lake la mbele limepasuka na vijana wa siku hizi hawajui kupima.

"Nilimjua mmoja," nikamwambia.

Anaishi Kyebando, kwa hiyo atakuja kwenu, ninyi ndio mlio karibu. Mkatieni vizuri, kioo hakijamkosea mtu. Bei yake iwe ya haki, na fungu la kuvunjika liwemo. Ila mkimaliza kukifunga kwenye gazeti mwiteni kwa jina lake, Yokana, tena kwa sauti, wengine wanaongoja wasikie.